Kitu Kimoja cha Mzee Stoo

Pale njia ya mashambani inapoingia barabara kuu ya kijiji, ubavuni mwa kibanda cha kinyozi, pana benchi refu la mbao ambalo mguu wake mmoja umefungwa waya. Hapo ndipo Mama Birika huuza kahawa kila asubuhi, na hapo ndipo mambo yote ya dunia huamuliwa, kuanzia bei ya mbolea hadi kwa nini mwezi hauanguki. Wateja wake wasiokosa ni wanne. Kuna Waziri, kinyozi mwenyewe, aliyepewa jina hilo kwa sababu hajawahi kuulizwa swali akasema hajui. Kuna Sindano, fundi cherehani, mwembamba na mchokozi. Kuna Breki, fundi wa baiskeli, ambaye akianza kusema hana wa kumsimamisha, ndiyo maana watu wakampa jina la kitu alichokosa. Na kuna Mzee Stoo, ambaye asubuhi hiyo alikuja amevaa koti.

Mama Birika aliliona lile koti tangu Mzee akiwa mbali, akaacha kupepea makaa. Koti lile hutoka kwa mambo mawili tu, msiba na safari, na msiba hakuusikia. Akammiminia kahawa bila kuulizwa. Mzee akakipokea kikombe akakishika tu, hakunywa.

Akawaeleza taratibu, kama kawaida yake. Binti yake amepiga simu. Anakuja leo na pikapu ya kukodi, amchukue wakaishi wote mjini, ghorofa ya tatu, vyumba viwili na watoto watatu. Nafasi ni finyu, kwa hiyo baba achukue kitu kimoja tu akipendacho, vingine vyote aviache. Tangu jana Mzee anapiga hesabu ya hicho kimoja na jibu halipati, akaona aje awaulize wenzake.

— Kwani huku umekosa nini hata akuhamishe? akauliza Mama Birika.

— Sijui, mwanangu. Alipokuja mara ile aliingia ndani, akatazama huku na huku, akatoka analia. Akasema, siwezi kukuacha uishi hivi. Nikamwuliza, hivi vipi? Akazidi kulia.

— Na wewe mwenyewe unataka kwenda?

Mzee akakizungusha kikombe.

— Mtoto akikulilia, utasemaje?

Hilo halikuwa jibu, na Mama Birika alijua kuwa halikuwa jibu. Alitaka kumwambia usiende, lakini mambo ya baba na mwanawe huyaingiliaje? Akatazama wale wengine, labda mwanamume mmoja atasema. Wanaume wakatazama vikombe vyao. Kisha Sindano akakohoa, akashika pale palipokuwa rahisi kushika, yaani kwenye kitu kimoja.

— Kiti, akasema. Kile kiti chako cha uvivu. Hakuna mjadala.

Akaanza kukisifu. Mtu umeshinda shambani, jua limekuchapa, unarudi unajitupa kwenye kiti kile, mgongo unasahau kabisa kama kuna kitu kinaitwa jembe. Alikuwa na mjomba wake ambaye waganga wote walishamwambia goti limekwisha. Akakaa kwenye kiti cha namna hiyo msimu mmoja wa mvua. Mvua ilipokatika, mjomba akanyanyuka akaenda kuoa.

— Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame, akamalizia Sindano. Sasa Mzee kwa umri huu ainame vipi? Akae kitini, cha mvunguni aletewe na wajukuu.

— Methali hiyo haiko hivyo, akasema Waziri.

— Iko hivyo kwa wenye kiti.

Waziri akageuka kutazama mlango wa kibanda chake, na Mama Birika akaficha kicheko kwenye ncha ya kanga. Maana kiti cha uvivu cha Mzee Stoo kilikuwa humo ndani, miaka nenda miaka rudi, na dakika hiyo hiyo kilikuwa kimekaliwa na mteja aliyepakwa sabuni shavu moja akasahauliwa. Nani asiyejua kwamba kinyozi mwenye kiti cha kulala ndiye mwenye wateja?

Waziri hakukubali kushindwa kijinga. Akasema kiti ni mbao na turubai, kitu cha kweli ni toroli. Toroli ni gari lisilokunywa mafuta wala kuombwa leseni. Toroli la Mzee limebeba samadi, limebeba mahindi, limembeba jirani wakati wa uchungu, na mtoto aliyezaliwa siku hiyo leo ndiye mwenye mbio kuliko wote shuleni kwao, kwa kuwa alianza safari mapema.

— Mjini atalipandisha ghorofani? akauliza Breki.

— Akifika juu ndiyo raha yenyewe. Asubuhi anawaogeshea wajukuu ndani yake. Mchana analijaza udongo, anapanda mboga kwenye baraza. Akichoka anatandika blanketi analala. Nyumba ya vyumba viwili inakuwa ya vitatu. Na chombo cha kuzama hakina usukani, lakini toroli lina mikono miwili, kwa hiyo halizami.

— Nani atalizamisha ghorofa ya tatu? akasema Sindano, lakini sauti ilikuwa imempungua.

Ilimpungua kwa sababu toroli lilikuwa kwake. Kila siku ya soko yeye hulipakia cherehani na mafurushi ya vitambaa, akalisukuma akipiga mluzi, na alikuwa ameshalishonea hata kifuniko cha mvua. Kwa ufupi, kila mtu pale alikuwa anamfungashia Mzee kitu kilichoko nyumbani kwa mwenzake.

Msishangae. Mzee Stoo alikuwa mtunza stoo wa shamba kubwa la watu, na maisha yake yote ya kazi yalikuwa kufuli na funguo. Mtu akija kuchukua hata msumari, lazima amwulize ni wa nini na utarudi lini. Alipostaafu akasema amechoka kuwauliza watu maswali hayo. Nyumba yake hafungi, na anayetaka kitu achukue. Basi kijijini pakazuka desturi. Kitu cha Mzee Stoo kikishaazimwa hakirudi nyumbani, huenda mbele. Ukitaka ngazi huendi kwa Mzee kuchukua ngazi, unakwenda kumwuliza ngazi iko kwa nani, unakaa kidogo, unapewa habari na maji ya kunywa, kisha unaifuata iliko. Mzee mwenyewe akihitaji toroli lake hupiga hodi kwa Sindano akasema, samahani, naomba kuazima toroli. Na Sindano humwazima, tena humwambia aliangalie gurudumu.

Breki alikuwa amejizuia muda mrefu kupita kiasi chake. Sasa akalipuka. Akasema kiti ni upuuzi na toroli ni upuuzi, roho ya nyumba ni redio.

— Mamamkwe wangu alikuwa na mitetea iliyogoma kutaga. Wakaiwekea redio bandani. Jogoo akisikia taarifa ya habari anasimama wima kama askari. Mitetea ikataga. Siku za mpira inataga mara mbili, na timu ikifungwa mayai yanatoka madogo.

— Ghorofani hakuna kuku, akasema Waziri.

— Lakini wezi wapo. Mwizi amepita mlangoni, anasikia ndani wanaume wanabishana juu ya bei ya pamba, tena kwa hasira. Ataingia nyumba hiyo? Redio ni kama kuwa na kaka kumi ambao hawali.

Mama Birika akawaza kwamba Breki amechagua kwa akili. Redio haikuwa kwa yeyote kati yao, ilikwenda mbele zamani ng'ambo ya bonde na hakuna aliyekumbuka ilipoishia. Sindano naye aliiona hila hiyo, akainama kidogo kutazama chini ya benchi.

— Na mabuti ya mpira, Breki? Mbona hayo huyataji? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na guu linataka buti.

Breki akairudisha miguu yake ndani ya kivuli cha benchi, yote miwili, pamoja na mabuti.

— Mjini hakuna tope, akasema kwa haraka.

Hapo Mzee Stoo akacheka kwa mara ya kwanza asubuhi ile, akaegemea ukuta wa kibanda.

— Mabuti yale nayapenda sana, akasema. Asubuhi ya umande ukiyavaa ukakatiza kwenye nyasi, maji yanakupiga huku na huku na wewe huloi. Unajiona tajiri. Na toroli lile napenda linavyolia njiani. Nikiwa nimelala nalisikia linapita, najua leo ni siku ya soko na Sindano amewahi. Kiti nacho nakipenda. Lakini ningeambiwa niseme kweli, ningesema birika.

Benchi zima likageuka kutazama jikoni. Birika lilikuwa juu ya makaa, jeusi chini, limebonyea ubavuni, mvuke unatoka mdomoni. Watu wamemwita kwa jina la birika hata jina lake mwenyewe linaelekea kusahaulika, na birika si lake. Mumewe alipofariki, naye akabaki amekaa ndani hajui aanzie wapi, Mzee Stoo alikuja akasimama mlangoni na birika hilo mkononi. Akamwambia, chukua, kahawa ya birika kubwa hivi mimi peke yangu siimalizi. Hakusema zaidi. Asubuhi iliyofuata akaja na benchi, amelibeba kichwani.

Mama Birika akachukua kitambaa ili alishike birika alitoe motoni, ampe mwenyewe. Mzee akamwona, akatikisa kichwa.

— Liache. Birika liko kazini. Huwezi kumwachisha mtu kazi kwa sababu wewe unasafiri. Basi, sijui. Labda nichukue koti tu, ninalo tayari.

Mjadala ukafia hapo. Wakasikia pikapu inakuja polepole kutoka upande wa nyumba ya Mzee, ikasimama mbele ya benchi, akashuka mwanamke mwenye macho mekundu. Hawakumjua vizuri, kwa kuwa alilelewa kwa shangazi yake mjini, lakini pua ilikuwa ya Mzee Stoo kabisa. Akawaamkia wote shikamooni, wakaitikia marahaba.

Alikuwa ametoka nyumbani, akasema. Amekuta mlango wazi, akaingia atazame ni kitu gani cha kupakia, amekuta kitanda, kikombe na msumari ukutani. Alisema hayo kwa sauti ya chini, kama mtu anayemsitiri mzazi wake. Kisha akawageukia watu wa benchi.

— Nyinyi ndio rafiki zake. Yeye naogopa kumwuliza, niambieni nyinyi. Vitu vya baba yangu aliviuza kwa sababu gani? Ilikuwa njaa, au alikuwa anaumwa?

Sindano akatazama njia ya mashambani. Breki akazidi kuivuta miguu ndani mpaka benchi likalia. Wote wakamtegemea Waziri, maana ndiye mwenye majibu, na Waziri akafungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena.

— Mimi sijui, akasema.

Ilikuwa mara ya kwanza. Mama Birika akaona aibu imemjaa hadi masikioni, aibu yake na yao wote. Kumbe hii ndiyo hali aliyokuwa akiililia binti wa watu. Alikuwa ameona nyumba tupu akadhani baba yake amefilisika, na wao waliofanya iwe tupu wanakaa hapa wanachagua kiti na toroli.

Akachukua kikombe safi, akammiminia binti kahawa yote iliyobaki, mpaka tone la mwisho. Akalifuta birika kwa kitambaa, nje na ndani ya mpini, akaenda nalo akaliweka nyuma ya pikapu.

— Dada, hiki ni kimoja, akasema. Hakuuza. Alituazima.

Mzee akanyanyua mkono kumzuia lakini alikuwa amechelewa. Breki alikuwa ameshainama anavua mabuti, akayasimamisha kando ya birika, akarudi peku anachechemea kwenye kokoto. Sindano akatoka mbio kwenda kwake. Aliporudi na toroli linalolia, Waziri akamsimamisha mlangoni mwa kibanda, wakasikika wakibishana ndani kwa kunong'ona, kisha wakatoka na kiti cha uvivu juu ya toroli, na juu ya kiti mteja mwenye sabuni shavu moja, ambaye alikuwa amekataa katakata kushuka kabla ya kumaliziwa.

— Huyu si wa Mzee, akasema Waziri. Huyu tutamtoa.

Habari mbaya hutembea, lakini habari ya vitu vya Mzee Stoo ilikimbia. Ikaja ngazi, imebebwa na mke na mume. Ukaja msumeno, likaja karai, ukaja mwavuli, ikaja taa ya chemli ikiwa imejazwa mafuta. Wengine walileta vitu wasivyokuwa na hakika navyo, wakasema, huenda ni vyake, tangazeni. Mwisho kabisa akatokea bibi mmoja kutoka ng'ambo ya bonde, anahema, kifuani amekumbatia redio ambayo kitufe chake cha kutafutia stesheni kilipotea na badala yake pamewekwa kigurudumu kitupu cha kuzungushia uzi. Pikapu ikajaa mpaka dereva akashuka kutazama magurudumu.

Binti alisimama na kikombe chake. Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, hajui afute lipi.

— Baba. Mbona hukuniambia?

— Hukuniuliza, mama. Ulilia tu.

— Na wewe ukitaka toroli?

— Naazima.

Binti akacheka tena mpaka akaketi kwenye benchi, pale pale alipokuwa amekaa Breki. Mzee akavua koti, akalikunja, akaliweka magotini. Mama Birika akajua kwamba sasa atasema, na kweli akasema.

— Mimi mjini sitaki kwenda, mwanangu. Nilishindwa kukwambia kwa sababu ulikuwa unalia. Hapa haipiti siku mtu asinipigie hodi. Anakuja kuuliza ngazi iko kwa nani, anakaa, ananisimulia ya kwao. Kule ghorofani nani atakuja kuniuliza ngazi?

Binti alitazama ile pikapu, akawatazama wale watu waliosimama mikono mitupu. Breki alikuwa peku, kinyozi hana kiti, na mteja wa watu bado ana sabuni iliyoanza kukauka. Akauliza benchi lenyewe ni la nani. Wote waliokuwa wamelikalia wakanyanyuka kwa pamoja, na Mzee akawaambia waketi, wasimchekeshe.

— Haya, binti akamwambia dereva, tushushe.

Hapakuwa na haja ya dereva. Kila mtu alikijua kilichokuwa chake cha kuazima, na Sindano alilikamata toroli kabla pikapu haijafunguliwa vizuri. Ugomvi ulizuka kidogo juu ya karai, kwa kuwa wanawake wawili walidai wao ndio wa kufuata kwenye foleni, ukaisha. Mama Birika alilichukua birika lake lisilo lake, akaenda kuteka maji, maana kahawa ilikuwa imekwisha na benchi halijawahi kujaa namna ile. Aliporudi alikuta pikapu imebaki na redio peke yake. Binti alikuwa ameishika, anakizungusha kile kigurudumu cha uzi, nayo ikakoroma, ikatoa sauti ya mwanamume akieleza bei ya pamba.

— Redio hii, nilikuwa nikija likizo unaiwasha asubuhi, tunasikiliza wawili, akasema. Baba, naomba kuiazima.

— Chukua, akasema Mzee Stoo.

Binti akaiweka kiti cha mbele, akaifunga mkanda kama abiria. Alikuwa ameshapanda, dereva amewasha, Mzee alipofika dirishani na kushika mlango. Mama Birika alisimama karibu na birika mkononi, kwa hiyo alisikia vizuri, na Waziri na Sindano na Breki nao walisikia.

— Utairudisha lini? akauliza Mzee Stoo.

Tangu alipostaafu hakuwahi kumwuliza mtu yeyote swali hilo. Binti alimtazama baba yake, akaona jinsi alivyoukamata ule mlango.

— Mwisho wa mwezi, baba. Na wajukuu wako nitawaleta waibebe.

— Usichelewe, akasema Mzee. Kuna watu wanaisubiri.

Akauachia mlango. Pikapu ilipokata kona akarudi kwenye benchi, akakaa mahali pake, akanyoosha kikombe. Mama Birika akamwambia avute subira, maji bado hayajachemka.